Jedwali la Presha ya AC ya Gari: Safu Iliyokatwa Ndiyo Iliyokuwa na Maana

Picha niliyotumiwa na mjomba wangu mwezi Februari ilikuwa na safu mbili tu za namba. Juu ya safu ya kushoto mtu alikuwa ameandika kwa herufi nyekundu PRESHA YA CHINI, na juu ya safu ya kulia PRESHA YA JUU. Chini kabisa: "Gesi R134a. Fundi tunza hii." Mjomba anabeba abiria kwa programu ya simu hapa Dar es Salaam, na kwa kazi ile AC si anasa. Ikifa saa nane mchana, abiria anashuka bila kusema neno halafu anakupa nyota mbili. Ujumbe ulioambatana na picha ulikuwa mfupi: "Mjomba, wewe si ndiye unasomea haya mambo? Fundi kanijazia gesi kama inavyosema hapa, na bado kwenye foleni inapuliza joto. Gari ikikimbia, baridi inarudi. Kompresa ya kwanza ilikufa hivihivi."

Tangu siku ile nimeiona picha hiyo, au ndugu zake, kwenye simu za mafundi wanne na ukutani mwa gereji moja, imepigwa plastiki kabisa. Kwa hiyo nimeamua kuifanyia kile tunachofanyia makala za kitaaluma kila Ijumaa kwenye kikao chetu cha kusoma: inasema nini, inamwambia nani, imeacha nini nje. Jedwali nalo ni maandishi. Lina mwandishi hata kama hajulikani, lina hoja hata kama halina sentensi. Na hoja ya jedwali hili ni moja: gesi ikitosha, sindano ya geji itasimama hapa. Hoja hiyo, kama ilivyokaa, si sahihi, na kosa lake linaua kompresa za watu.

Tuanze na asili yake. Jedwali zima, kabla halijakatwa, lina safu tatu. Ya kwanza ni joto la hewa ya nje, ya pili presha ya upande wa chini, ya tatu presha ya upande wa juu. Linaanzia 65 na kwenda kwa hatua za tano hadi 110. Kwenye 80 linasema chini iwe psi 40 hadi 50 na juu 175 hadi 210. Kwenye 90: 45 hadi 55, na 250 hadi 270. Kwenye 110, mstari wa mwisho: 50 hadi 55, na 340 hadi 345.

Umeshaona tatizo la kwanza. Hizo 65 hadi 110 ni Farenhaiti. Ni jedwali la watu wanaopima homa, tanuri na hali ya hewa kwa Farenhaiti, na limekuja kwetu bila kubadilisha nguo. Nyuzi 90 zake ni nyuzi 32 zetu za Selsiasi, yaani mchana wa kawaida wa Dar. Nyuzi 110 ni 43, joto ambalo Dar hatulipati kivulini.

Sasa, nani aliikata safu ya joto? Nilipoanza nilikuwa na hasira naye. Baadaye nikamwelewa, na naamini hakuwa mzembe hata kidogo. Fikiria wewe ni fundi, umepokea jedwali lenye safu imeandikwa joto, inaanzia 65 inaishia 110. Unajua maji yanachemka kwenye 100. Unajua jiji lako halijawahi kufika 65, wala halitafika. Safu hiyo kwako ni upuuzi au ni makosa ya uchapaji, na mtu mwenye akili huondoa upuuzi ili kilichobaki kisomeke vizuri. Akaikata. Zikabaki safu mbili za namba zisizo na kitu cha kuzishikilia.

Kilichofuata kinaeleweka. Ukibaki na mistari kumi ya presha na huna namna ya kuchagua mstari, utachagua ule unaojirudia. Katika mistari minne ya mwisho presha ya chini ni ileile, 50 hadi 55. Namba iliyoandikwa mara nne inaonekana kama ndiyo kweli yenyewe. Fundi wa mjomba nilipoongea naye kwa simu aliniambia waziwazi: "Hamsini na kitu chini, hapo gesi imejaa. Huku kwetu joto, ndugu yangu, ukiweka thelathini haipoi." Alisema kwa upole na kwa uhakika, na alikuwa anasoma kilichoandikwa.

Lakini hata ukiirudisha safu iliyokatwa, ukabadilisha Farenhaiti kuwa Selsiasi na kutafsiri kila kitu kwa Kiswahili safi, jedwali bado lina ugonjwa. Ugonjwa wenyewe uko kwenye neno tunalolitumia sote: gesi.

Tunasema AC imeisha gesi, tunasema jaza gesi, gesi imejaa. Neno linatufanya tufikirie tairi. Tairi lina hewa tu ndani, na hewa ikiongezeka presha inapanda, ikipungua inashuka. Pale geji inapima kiasi, na inafanya hivyo vizuri. Kile kilichomo kwenye AC ya gari hakifanani na hewa ya tairi. Kinafanana na kilichomo kwenye mtungi wa kupikia. Sehemu ni kimiminika, sehemu ni mvuke, na viwili hivyo vinaishi pamoja kwenye chombo kimoja.

Mtungi wa jikoni unaufahamu. Chukua wa kilo 15. Siku ulionunuliwa presha yake ni fulani, na ukishatumia nusu, jikoni kukiwa na joto lilelile, presha karibu haijabadilika. Moto unawaka vilevile, wiki baada ya wiki, halafu siku moja ugali haujaiva na moto unafifia ghafla. Ndiyo maana hakuna muuza mitungi anayekupimia kwa geji. Anaweka kwenye mizani. Wewe nyumbani unautikisa, au unaupapasa pembeni kutafuta pale ubaridi unapoanzia. Kila mama ntilie anajua kwamba presha ya mtungi haimwambii kilichobaki. Ni sisi wa magari ndio tumesahau.

Sababu ya kifizikia ni hii. Kimiminika na mvuke wake vikikaa pamoja, presha yao inaamuliwa na joto peke yake. Tone likipata joto linachemka kidogo, mvuke unaongezeka na presha inapanda mpaka mahali pake, basi. Ukiongeza kimiminika zaidi huongezi presha, unaongeza kimiminika. Kwa R134a mahali penyewe panajulikana vizuri: kwenye nyuzi 25 presha ya geji ni kama psi 82, kwenye 30 ni 97, kwenye 35 ni 114. Gramu mia mbili au gramu mia sita, ilimradi kuna kimiminika kimebaki na gari limezimwa, namba ni hiyohiyo. Vitabu vyetu vya fizikia vya sekondari vinaita presha kanieneo na vinaeleza habari hii kwa sufuria ya maji na Mlima Kilimanjaro. Ni vizuri, ila sijawahi kuona hata kimoja kinachofungua boneti ya gari.

Mtu atasema: sawa, hiyo ni gari ikiwa imezimwa, jedwali ni la gari linalowaka. Kweli. Kompresa ikizunguka, mfumo unagawanyika. Upande mmoja, kwenye ile rejeta ndogo iliyojificha ndani ya dashibodi, kimiminika kinachemka kwa presha ndogo na kunyonya joto la ndani ya gari. Upande wa pili, kwenye rejeta ya AC iliyo mbele ya rejeta ya maji, mvuke unageuka kimiminika kwa presha kubwa na kulitupa joto hilo nje. Lakini ona: pande zote mbili bado kuna kimiminika na mvuke pamoja. Kwa hiyo pande zote mbili presha bado ni joto lililoandikwa kwa lugha nyingine. Presha ya chini inakuambia rejeta ya ndani inachemkia nyuzi ngapi. Presha ya juu inakuambia rejeta ya mbele inapoa kwenye nyuzi ngapi. Kiasi cha gesi kinaingia kwenye hadithi hii kwa mlango wa nyuma tu: kikipungua sana namba zinaharibika, kikizidi sana zinaharibika, na katikati kuna uwanda mpana ambapo unaongeza gramu baada ya gramu na sindano haisogei kwa maana. Fundi anayesubiri sindano ifike mahali palipoandikwa ataupita uwanda huo wote bila kujua, na sindano itakapoanza kupanda, rejeta ya mbele itakuwa tayari imejaa kimiminika mahali palipotakiwa kuwa na mvuke.

Hebu sasa tuichukue ile hamsini na kitu tuisome hivyo. Psi 50 kwenye geji, kwa R134a, ni kuchemka kwenye nyuzi 12 na ushee. Hewa inayopita juu ya rejeta yenye nyuzi 12 haiwezi kutoka ikiwa na baridi kuliko 12, na kwa kawaida hutoka ikiwa na joto zaidi ya hapo. Ukitaka hewa ya nyuzi 7 au 8 usoni, rejeta lazima iwe chini ya hapo, na presha lazima iwe thelathini hivi. Yaani namba ambayo fundi ameikimbia akisema haipoi ndiyo yenyewe inayopoza. Na aliyoifuata ndiyo inayozuia.

Linganisha na ukurasa wa vitabu vya matengenezo vya Toyota vya miaka ya 1990 na 2000, ambavyo ndivyo vingetufaa zaidi kwa magari tuliyonayo barabarani. Navyo vina namba mbili: chini megapaskali 0.15 hadi 0.25, juu 1.37 hadi 1.57. Kwa psi ni 21 hadi 36, na 199 hadi 228. Jedwali letu, kwenye nyuzi 35 za Selsiasi, linasema 50 hadi 55 na 275 hadi 300. Hazigusani hata ukingoni. Ni kwa sababu mmoja ni mwongo? Hapana, hazipimi hali ileile, na tofauti ni kwamba kitabu kinakiri hali yake. Kabla ya namba kinasema hewa inayoingia iwe ya kuzungushwa ndani, yenye nyuzi 30 hadi 35; injini iwe kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika; feni ya ndani iwe ya juu kabisa; kitasa cha joto kiwe kwenye baridi kamili. Mistari minne. Ukibadilisha mmoja wapo, namba nazo zinahama. Jedwali la ukutani halina hata mstari mmoja wa namna hiyo. Halisemi milango iko wazi au imefungwa, injini iko taratibu au imekanyagwa. Na halisemi unyevu, ambao kwetu Pwani ni nusu ya kazi yote, kwa kuwa maji yale yanayodondoka chini ya gari ni joto ambalo AC imelazimika kulibeba kabla hata hujahisi ubaridi.

Nikiwa mkweli, kitabu nacho kina lawama yake. Kiko kwa Kijapani au Kiingereza, kinauzwa, na kimeandikwa kwa megapaskali wakati geji za mafundi wetu wengi zinasomwa kwa psi. Kuna geji zenye bar, kuna zenye kilo kwa sentimita ya mraba. Fundi mmoja alinionyesha namba 15 aliyoandika kwenye daftari na hakukumbuka ilikuwa bar au kilo. Bahati nzuri hizo mbili zinakaribiana, bar moja ni psi 14.5 na kilo moja ni 14.2. Lakini 1.5 ya megapaskali ni psi 218, na mtu akiichukulia kuwa bar atapata 22. Jedwali la ukutani lilishinda kitabu kwa sababu ya haki kabisa: ni ukurasa mmoja, ni bure, na liko mbele ya macho wakati mikono ina grisi. Ukosoaji wowote usiojibu hilo ni kelele za watu wa maktaba.

Kuna namba nyingine iliyoingia kwenye mazungumzo yangu na yule fundi, na hii ndiyo iliyonitisha zaidi. Nilipomwambia presha ya juu imezidi, akanijibu: "Kompresa yenyewe ina kibati, imeandikwa tatu na nusu. Sisi tuko moja na tisa. Bado ina nafasi."

Kibati nimekiona, na kweli kinasoma MPa 3.5 na ushee. Ni zaidi ya psi 500. Na hoja ya fundi ina mantiki ya juujuu: kama chombo kinahimili 3.5, kwa nini nihofie 1.9? Jibu analo yeye mwenyewe, ila kwenye tairi. Pembeni mwa tairi pameandikwa presha ya juu kabisa, mara nyingi psi 44 au 51. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna stika inayosema 30, 32, 33. Hakuna fundi anayejaza tairi hadi 51 eti kwa kuwa limeandikwa 51. Ya tairi ni mpaka wa mpira. Ya mlangoni ni mahitaji ya gari. Kibati cha kompresa ni pembeni mwa tairi. Kinasema ganda na viungio vimetengenezwa kuhimili kiasi gani. Hakisemi kompresa ifanye kazi kwa kiasi gani, na hakisemi kabisa ijazwe kiasi gani.

Kati ya namba ya kazi na namba ya kibati wahandisi wameweka walinzi. Kwenye Toyota nyingi za R134a, swichi ya presha inazima kompresa presha ya juu ikifika megapaskali 3.14, na inaizima pia ikishuka chini ya 0.196. Swichi ikishindwa, valvu ya usalama kwenye kompresa inafunguka mahali fulani kati ya 3.43 na 4.14 na kutapika gesi nje. Ukiziona namba hizi kwa mpangilio, malalamiko ya mjomba yanaeleweka yenyewe. Gari likiwa limesimama kwenye foleni, hakuna upepo unaopita kwenye rejeta ya mbele isipokuwa wa feni. Rejeta imejaa kimiminika kilichozidi, nafasi ya kugeuza mvuke imebaki ndogo, presha inapanda, swichi inazima kompresa, hewa ya joto inapuliza. Gari likikimbia, upepo unaingia, presha inashuka, swichi inarudisha. (Feni mbovu nayo hufanya hivyohivyo, kwa hiyo iangalie kwanza, ni kazi ya dakika mbili.) Mlinzi alikuwa anapiga filimbi mara ishirini kwa siku na sisi tukasema AC ina matatizo ya foleni.

Upande wa pili wa kosa ni mbaya vilevile. Gesi ikipungua sana, oili haizunguki, kwa sababu oili ya kompresa ya gari haikai kwenye sampu kama ya injini. Inasafiri na gesi. Kwa hiyo simshauri mtu aache presha chini kwa kuogopa maneno yangu.

Naweza kuendelea kulisema jedwali. Halijui kwamba kompresa nyingi za siku hizi zinajibadilisha ujazo zenyewe na kuishikilia presha ya chini mahali pamoja, hivyo safu ya kushoto kwao haisemi karibu chochote. Halijui R1234yf, ambayo magari mapya ya Ulaya yanatumia tangu sheria ya huko ilipoifungia milango R134a kuanzia 2017, wala mifumo ya kaboni dayoksaidi ambayo upande wake wa juu unapita bar 100. Halijui hata mwinuko. Geji inapima tofauti na hewa ya nje, na Nairobi iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari ina hewa nyepesi kuliko Dar, kwa hiyo sindano inasoma karibu psi 3 zaidi kwa gesi ileile. Fundi wa Nairobi anayevuta hewa kwa pampu akisubiri geji ifike sentimita 76 za zebaki atasubiri hadi Krismasi. Huko mwisho ni kama 61 au 62. Pampu yake ni nzima.

Ila haya ni mambo ya pembeni. Kinachoniuma ni kwamba jibu la tatizo kubwa limekuwa mbele ya fundi siku zote. Chukua geji ya kawaida ya mafundi AC, ile yenye saa mbili, ya bluu na nyekundu. Ukingoni kuna psi au bar. Sogea ndani kidogo. Kuna duara la pili la namba ndogo, mara nyingi na la tatu, na pembeni yake pameandikwa R134a, R22 na kadhalika. Hizo namba za ndani ni nyuzi za joto. Ni ile safu iliyokatwa, imechapwa kwenye uso wa geji, inazunguka na sindano yenyewe. Nimewauliza mafundi wanne wanaifahamu vipi. Mmoja alisema ni mapambo ya Wachina.

Jedwali ambalo mimi ningelibandika ukutani lingekuwa na kazi mbili ambazo hili haliziwezi. Lingeanza na gari lililolala nje usiku kucha. Asubuhi kabla ya kuwasha, pima joto kivulini, soma geji. Kama ni nyuzi 27 na geji inasoma kama 88, ndani kuna R134a na kuna kimiminika. Haikuambii ngapi. Ikisoma pungufu sana, kimiminika kimekwisha, tafuta inapovuja kabla ya kujaza chochote. Ikisoma zaidi, tuseme 105, basi ndani kuna hewa, au kuna gesi nyingine imechanganywa, na hapo hakuna kuongeza, ni kutoa yote na kuanza upya. Kwa mtaa wetu, ambako kuna mikebe inayouzwa kama R134a na ndani ina propeni na ndugu zake zinazowaka moto, kipimo hiki cha dakika tano kina thamani kuliko mistari yote kumi. Kazi ya pili ni sentensi moja tu: kiasi kinapimwa kwa mizani. Chini ya boneti kuna stika yenye gramu. Magari madogo mengi yanataka kati ya 350 na 550. Mizani ya jikoni ya kidijitali haigharimu hata robo ya bei ya kompresa ya mtumba pale Kariakoo.

Gari la mjomba tulilipeleka Jumamosi moja kwa kaka wa mwenzangu wa maabara, ambaye karakana yake ina mashine ya kuvuta gesi na kuipima. Hatukutaka kuifungulia hewani, kwa sababu kilo moja ya R134a inapasha dunia joto kama zaidi ya tani moja ya kaboni dayoksaidi. Tulifika mapema, injini ikiwa ya baridi. Hewa ilikuwa nyuzi 27, geji zote mbili zilisoma 88. Mashine ikatoa gramu 610. Stika chini ya boneti ilikuwa imechanika nusu lakini ilisomeka: 0.45. Tukavuta hewa kwa dakika arobaini, tukarudisha gramu 450 kwa mizani. Mchana, kwa masharti manne ya kitabu, chini ilisoma 31, juu 215, na kipimajoto kwenye tundu la katikati kikashuka hadi 8. Mjomba alifurahia ile 8 lakini macho yake yalikuwa kwenye sindano ya bluu. Alizoea kuiona hamsini.

Kesho yake asubuhi aliniita niende na geji. Nilimkuta amekaa kwenye stuli kando ya gari, chai mkononi. Shikamoo, marahaba, nikafunga mipira. Nyuzi 27. Geji zikasoma 88.

"Namba ni ileile ya jana," alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Na mmetoa gramu mia moja na sitini."

"Mia moja na sitini."

Akaitazama kwa muda. Halafu akaenda kwenye dashibodi, akatoa kalamu ya wino mzito anayoandikia namba za mizigo, akafungua boneti tena, na pale stika ilipochanika akaandika kwa herufi kubwa: GRAMU 450.